Lift kit ya inchi sita, njia ya Kamachumu na magoti ya mama mkwe

Wakuu, heshima kwenu. Bukoba mvua haijakatika tangu asubuhi, dukani hakuna mteja, nimeona leo niutue huu mzigo hapa.

Nitasema yote, hata yale yanayoniaibisha. Nilichobadilisha ni majina ya watu tu. Jina la gari silitaji kabisa, maana nikilitaja mtaacha habari yangu mtaanza ligi ya gari ipi ni chuma na gari ipi ni kopo. Jueni tu ni double cabin ya Kijapani, dizeli, ya zamani. Mbele na nyuma ina zile springi za vyuma bapa vilivyopangana, haina coil, zile za kujiviringisha. Inatosha.

Mimi nauza mabomba na matenki ya maji hapa mjini, naishi Hamugembe. Gari hiyo imebeba mabomba miaka mingi mpaka springi zikalala. Ukiipaki, nyuma imekaa chini kama mtu aliyeshiba.

Mke wangu, tumwite Adventina, kwao ni kijiji kimoja mbele ya Kamachumu. Ukiiacha barabara kubwa unaingia njia ya kama kilomita mbili inayopita katikati ya vibanja, migomba huku na kahawa huku. Malori ya kahawa yamechimba mitaro miwili, katikati limebaki tuta. Kila mvua ikinyesha mitaro inazidi kushuka, tuta linabaki pale pale.

Mwezi wa nne mwaka jana tuta lile lilitushika. Diff, lile bonge la chuma katikati ya ekseli, ilikaa juu yake, magurudumu yakawa yanazunguka bure na kuturushia tope. Shemeji yangu Projestus, kaka yake Adventina anayeishi jirani na mama yao, akaja na vijana kutusukuma. Tulipotoka akanifuta tope begani, akasema mbele ya watu wote: "Shemeji, hii gari ungeiacha mjini ikasambaza mikate."

Wakuu, mimi ni Mhaya. Ukitaka kuniumiza nipige. Usinicheke mbele ya wakwe.

Lakini jambo lenyewe halikuwa Projestus. Jambo lilikuwa mama mkwe. Magoti yake yamekwisha, na la kulia halikunji kabisa. Kutembea kilomita mbili hawezi. Bodaboda hawezi, utakaaje juu ya pikipiki na mguu umenyooka? Na kuna daktari wa mifupa ambaye hupita hospitali moja hapa mjini kwa siku chache, kisha anaondoka, na hakuna anayeweza kukuambia atarudi lini. Mama alikuwa ameandikishwa kwa safari yake ya mwezi wa kumi na moja. Mwezi huo kwetu ni mvua tu.

Adventina akaniambia hivi: "Fanya gari ifike mlangoni kwa mama. Mengine sikuulizi."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Kumtoa mama mlangoni kwake, kumfikisha kwa daktari. Ishikeni hiyo, maana mimi niliisahau mapema sana.

Sasa sisi watu wa Kagera mnatuita nshomile, watu wa kujiona wasomi, na mnatuonea, ila siku hiyo nilistahili. Nilipewa shida ya springi nikaigeuza digrii. Nilisoma lift kit, yaani vifaa vya kuinua gari, miezi miwili. Niliangalia video za Waaustralia, za Wathai, za jamaa mmoja anayeongea Kirusi ambaye sikumwelewa neno lakini nilikubaliana naye. Nilinunua daftari. Mteja akija kuulizia bomba la nusu inchi namweleza approach angle, ile pembe ya pua ya gari ikikutana na mlima.

Nilikwenda hadi Kamachumu na tape measure kupima tuta. Nilipima sehemu saba, nikaandika. Wanakijiji wakadhani nimetoka serikalini kuja kutengeneza barabara. Mzee mmoja akanipa mkungu wa ndizi akaniambia tusiwasahau. Nilipokea, wakuu. Ningefanyaje?

Kit mpya ya kuagiza Dar, yenye springi na shock up zake kwenye maboksi, bei yake nilipoiona nilifunga simu nikaenda kunywa maji. Ile ilikuwa ya watu wa kampuni za utalii. Kwa hiyo nikaja humu humu jukwaani kuomba ushauri, nikaweka vipimo vyote na picha tisa.

Mkuu mmoja akanijibu mistari miwili. Kwamba springi zangu zimelala tu, niweke mpya za kawaida za gari hiyo hiyo na shock up, nitapata kama inchi mbili, tuta litapita chini, nitabakiwa na hela.

Nilimdharau. Jibu lilikuwa fupi mno, halina hata neno moja la kitaalamu. Nikamjibu kwa Kiingereza kirefu kwamba nadhani hajaelewa mazingira yangu. Mkuu, kama unasoma hapa, nisamehe. Ulikuwa umemaliza kila kitu.

Nikaenda kwa fundi Deus, ana gereji yake Kahororo. Deus ni fundi mzuri, tatizo lake hakatai kitu. Aliizunguka gari mara moja akaniuliza kama fundi cherehani: "Unataka inchi ngapi?"

Ningesema mbili leo nisingekuwa naandika. Nilisema sita.

Deus akapata springi za mtumba za gari kubwa zaidi. Akaweka na vipande vya chuma kati ya springi na ekseli, akavifunga kwa U-bolt ndefu. Hiyo ndiyo lift kit ya watu wa bajeti, inaitwa block, na kwa macho huwezi kuitofautisha na ile ya maboksi. Kwa macho.

Ila hakuna aliyeniambia kwamba ukiinua gari, kila kitu kilichofungwa chini yake nacho kinadai haki yake. Mipira ya breki ikawa mifupi, ikabidi mirefu. Shock up hazifiki, zikatafutwa nyingine. Propeller shaft, ule mhimili unaozungusha magurudumu, ikakaa upande, ukifika spidi sitini gari inatetemeka kama ina malaria. Tairi za zamani zikaonekana ndogo hadi zinatia aibu, nikatafuta kubwa. Usukani ukawa unapepesuka, unauelekeza Muleba wenyewe unafikiria kwanza.

Adventina alipoiona mara ya kwanza alikuwa amevaa gauni la kanisani. Alipanda kwa awamu tatu. Akakaa, akashusha pumzi, akasema, "Mama atapandaje hapa?"

Nikamwambia usijali, kuna ngazi za pembeni, ziko kwenye mpango.

Na zilikuwepo kweli, ziko kwenye daftari hadi leo. Lakini hela iliyobaki ilikuwa inatosha kitu kimoja: ngazi za pembeni, au ule mstari wa taa za LED unaokaa juu ya kioo cha mbele. Wakuu, mnanijua tayari. Nilinunua taa.

Kwa wiki tatu nilikuwa mtu mjini hapa. Nilipita barabara ya ziwani bila kuwa na safari. Kanisani nilikuwa nafika mapema ili nipaki pale ambapo lazima kila mtu apite. Watu walikuwa wananiambia, "Gari imesimama," na mimi najibu, "Ya kawaida tu." Mimi mwenyewe urefu wangu si wa kusimulia, nilikuwa nadandia usukani kama mtoto anayepanda mpera, na suruali mbili zilichanika. Hayo sikuyaposti.

Siku ya daktari ikafika. Adventina alitangulia hospitali alfajiri kushika namba. Mimi nikaenda kumchukua mama.

Nilipofika lile tuta, nikapunguza mwendo, nikafungua kioo, nikasikiliza. Kimya. Halikugusa chochote. Nilipita njia nzima ile na mvua juu, tope chini, gari inapanda na kushuka mitaro bila kulalamika. Nilicheka peke yangu kwa sauti. Nilimtafuta Projestus kwa macho kila kona.

Hakuwepo. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na msiba kilima cha pili, na mnajua huku kwetu, mtu akifa kijiji kizima kinakwenda kuzika. Projestus alikuwa ndiye msimamizi wa kaburi. Bodaboda zote zilikuwa zimepeleka watu msibani. Nyumbani kwa mama walibaki wawili tu, mama mwenyewe na jirani yake Ma Leokadia, bibi wa miaka sabini na kitu, ambaye angemsindikiza.

Hapa kwa wasio wa huku nieleze kidogo. Mkwe wa kiume na mama mkwe wana mipaka yao. Familia nyingi siku hizi wamelegeza, lakini ukweni kwangu bado. Sijawahi kumpa mkono. Hatukai mkeka mmoja. Tukipishana yeye anageuka pembeni, mimi natazama chini. Akiwa na neno anampa mtu mwingine aniambie, hata kama nimesimama hatua tatu na nimelisikia lote. Miaka kumi na moja ya ndoa, ndivyo tulivyo, na tunapendana sana kwa namna hiyo.

Kumgusa ni jambo jingine kabisa. Kumgusa kunaitiwa kikao cha ukoo. Utatozwa, hilo si kitu. Lakini yeye ndiye atakayebaki na maneno, kwenye jumuiya, kisimani, msibani. Mama wa watu, mjane, heshima yake ndiyo mali yake.

Nikapaki mlangoni kabisa. Nikashuka. Nikafungua mlango wa nyuma, nikasogea kando kama inavyotakiwa.

Mama akatoka na fimbo yake, amevaa kitenge kipya. Akafika kwenye gari. Akasimama.

Wakuu, sakafu ya gari ilikuwa inamfika tumboni.

Ma Leokadia akaitazama ile gari toka chini hadi juu, akasema taratibu, "Bojo!" Yaani, jamani!

Tukaanza. Mimi nimesimama upande wa pili wa gari, nimewapa mgongo, natazama migomba na kutoa maelekezo kama kocha aliyefukuzwa uwanjani. Wakaleta kigoda, kikazama kwenye tope. Wakaleta kreti la soda. Mama akaweka mguu wa kushoto, akajivuta, lakini wa kulia haukunji, haufuati. Ma Leokadia akasukuma kwa nyuma kwa bega. Nikasikia wote wawili wanapiga kelele, nikageuka nusu, nikakumbuka, nikarudi kwa migomba.

Nikasema ngoja niirudishe gari nyuma hadi kwenye ule ukingo wa shamba, apandie kule juu. Nikairudisha. Ukingo ukamomonyoka, gari ikainama upande, nikaitoa jasho likinitoka. Tairi mpya, za kila aina ya eneo, zilikuwa zimeng'oa miche minne ya kahawa ya mama.

Simu ikaita. Adventina. "Wameita namba kumi na moja. Sisi ni ishirini na sita. Mko wapi?"

Nikasema tumeshatoka.

Mama akakaa kwenye kreti, mvua inamnyeshea kitenge kipya. Akamgeukia Ma Leokadia. Hakupaza sauti, wala hakuwa na hasira.

"Muulize mkwe, alipokuwa anapima hii gari, alipima na watu?"

Ma Leokadia hakunifikishia. Hakukuwa na haja.

Nilikuwa na daftari zima, wakuu. Nilijua urefu wa tuta sehemu saba. Nilijua upana wa tairi, urefu wa U-bolt, pembe ya mbele na pembe ya nyuma. Goti la mama, ambalo ndilo lililoanzisha safari yote hii, halimo hata ukurasa mmoja. Nilitamani ardhi inimeze na gari yangu, ingawa kwa urefu ule ingebaki nje.

Simu ikaita tena, sikupokea.

Kisha nikasikia sauti ambayo sijawahi kuisikia ikielekezwa kwangu.

"Baba."

Nikageuka. Mama mkwe alikuwa amejifunika kitenge kichwani hadi usoni, haoni wala haonekani. Fimbo ameiweka chini.

"Baba, ninyanyue. Daktari hatatungoja."

Ma Leokadia akageuka akatazama jiko. Alilitazama jiko lile kwa makini, utadhani linaungua.

Nikamnyanyua.

Kule gereji nilimsaidia Deus kubeba springi moja nikalalamika mgongo siku tatu. Mama mkwe nilimwinua bila hata kuhema. Hana uzito. Mwanamke aliyelima kibanja kile peke yake akasomesha watoto watano, nilimwinua kama mtu anayeinua nguo zilizoanikwa. Nikamweka kwenye kiti, nikamnyoosha mguu, nikafunga mlango. Nililia. Sina sababu ya kuwaficha, mvua ilinisaidia.

Pale Muhutwe Ma Leokadia akaanza rozari, na mimi nikaitikia.

Tulifika wakiwa wameita ishirini na nne. Wahudumu wawili wakaja na kiti cha magurudumu, Adventina akawasaidia, mama akashuka. Daktari alimwona. Akamchoma sindano ya goti, akampa kifaa cha kuvaa mguuni, akamwandikisha kwa operesheni safari yake ijayo. Mwisho akamwambia, "Na mama, kuanzia leo usipande kitu chochote kirefu."

Adventina akanitazama. Mimi nikasoma bango la kunawa mikono.

Kurudi tulikuwa na Adventina na wale wahudumu walishampandisha, kwa hiyo sikuwa na hofu. Tulifika kijijini jioni, na ndipo nikakuta kile nilichokuwa nakitafuta asubuhi. Watu. Kijiji kizima kinarudi kutoka kuzika, kimejaa njiani, na wote wanaifuata gari hadi mlangoni.

Projestus akaja akamshusha mama yake. Hata yeye, na ubavu wote ule, alijikaza kumfikia.

Na hapo Ta Sosthenes, mzee wa ukoo, akaisogelea gari. Akaweka mkono wake kwenye sakafu pale mlangoni, akaupima na kifua chake. Akamtazama mama na mguu wake. Akatazama kreti la soda lililokuwa bado kwenye tope. Akasema, "Asubuhi sisi sote tulikuwa msibani. Hapa mama alipandaje?"

Projestus akanitazama. Adventina akanitazama, na nikaona kwamba ndiyo kwanza swali hilo limemfika.

Mama mkwe akajiegemeza kwenye fimbo.

"Nilipanda mwenyewe," akasema.

"Nilikuwepo," Ma Leokadia akadakia. "Alipanda kama msichana."

Ta Sosthenes hakuridhika. Akanigeukia mimi, kwa upole wa wazee wale ambao upole wao una meno. "Mkwe, waitu," akaanza kwa neno letu la heshima, "hii gari si ndefu?"

Wakuu. Miezi miwili ya kusoma, wiki tatu za kupita barabara ya ziwani, hela yote ile, vyote nilivifanya ili siku moja, mbele ya watu hawa hawa na Projestus akiwepo, mtu aseme gari yangu ni ndefu. Na sasa mzee ameuliza, kijiji kizima kinasubiri jibu.

"Si ndefu hata kidogo, waitu," nikasema. "Ni fupi sana. Macho yanadanganywa na tairi."

Projestus akacheka hadi akashika goti. "Si nilisema? Gari ya mikate!"

Na watu wote wakacheka, nami nikacheka nao, na hakuna aliyeuliza tena. Mama aligeuka akaingia ndani taratibu. Alipofika mlangoni alimwambia Ma Leokadia, kwa sauti ya kutosha, "Mwambie mkwe, wakola. Asante."

Usiku ule Adventina hakuniuliza chochote. Aliniandalia maji ya kuoga, akasema tu, "Ishushe."

Jumatatu nilikuwa kwa Deus. Springi mpya za kawaida, shock up za kawaida. Imepanda inchi mbili toka ilivyokuwa imelala. Tuta linapita chini vizuri kabisa. Taa za LED nimeziuza nikanunua ngazi za pembeni, na miche ya kahawa nimerudisha kumi. Mama ameshapanda mara mbili, na mwanawe wa kike anamshika mkono.

Somo langu kwenu mnaotaka kuinua gari kuukuu kwa bajeti: kwanza angalia kama springi zako zimelala tu. Pili, kabla hujapima barabara, muweke yule unayemwendea kwenye kiti, upime mguu wake. Ukishajua hapo, inchi utazijua zenyewe.

Nawaachia uwanja. Waliowahi kufunga block waje waseme propeller shaft ziliwafanyaje. Waliokosea kama mimi waje wasijisikie wapweke. Matusi nayapokea, nayastahili.

Ila ombi moja. Kama wewe ni wa Kamachumu, ukasoma hapa, ukaitambua gari na ukatutambua sisi: humu mtu anaweza kuandika chochote, mvua inanyesha, hana wateja. Mama alipanda mwenyewe.